Vijungu Vibovu vya Vihingo

Vyungu vya Mwanamvua binti Mbaraka havikuwa vikivunjika. Jambo hilo lilijulikana Vihingo, likajulikana Masaki, na hata kule Kisarawe bomani wake za makarani waliagiza mitungi kwake wakaiacha ya sokoni. Ukienda kununua, alikigeuza chungu juu chini mbele yako, akakigonga kwa kifundo cha kidole ukasikia kinavyolia, kisha akakukazia macho kama anayekuuliza una swali gani jingine. Ilisemwa kwamba mtungi wake mmoja ulianguka kutoka kichwani mwa bibi harusi, ukabingirika hadi korongoni na kuokotwa mzima. Aliyeumia siku hiyo ni bibi harusi, aliteguka mguu akiukimbilia.

Sifa hizo zilimlevya kidogo. Tuseme kweli tu, zilimlevya sana.

Wifi yake Swaumu, dada wa mumewe Mwishehe, naye alifinyanga. Maskini Swaumu! Subira ya kuchambua vijiti na nyasi kwenye udongo hakuwa nayo. Alikanda huku akipiga soga, alichoma huku akipiga soga, na soga ikinoga moto aliusahau kabisa. Vyungu vyake vilikuwa na nyufa kabla havijapoa. Ukivitia maji asubuhi, adhuhuri una tope.

"Wifi," Mwanamvua alizoea kumwambia mbele ya watu, akichungulia ndani ya chungu kilicholegea, "uji wako umeiva?"

Mawifi ni watani, na utani hauna kesi. Swaumu alicheka kuliko wote. Ila siku alizotaniwa hivyo aliondoka mapema kwenda kwake, na Mwanamvua hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Udongo wa wote wawili, na wa wafinyanzi wengine watano wa kijiji, ulitoka mahali pamoja, shimo lililokuwa chini ya kilima cha Ngobwe. Ulikuwa udongo wa kijivu, mlaini, unaoteleza mkononi. Zamani kilima chenyewe kilikuwa na mikongo, mivule na misandarusi iliyoshonana. Vikaja vita vya Hitla, mbao zikatakiwa, mikongo ikashuka mmoja mmoja. Iliyobaki ikamalizwa na wachoma mkaa. Tangu hapo kila masika mchanga uliporomoka ukajaza shimo, na wanawake wakazoa mchanga siku nne ndipo waone udongo.

Katikati ya mwaka wa hamsini Bwana Miti alifika kutoka bomani, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, akaitisha baraza. Alisema kilima cha Ngobwe kimeharibika vya kutosha. Kitawekewa mipaka ya Serikali, na mtu haruhusiwi kulisha, kukata wala kuchimba.

Wengine waliguna. Mwanamvua aliketi chini pale pale barazani. Kuchimba! Udongo mwingine wa kufinyanga aliokuwa akiujua ulikuwa ng'ambo ya Ruvu, mwendo wa siku nzima na nusu, tena una wenyewe. Kilima kikifungwa, mikono yake imefungwa. Atakuwa mwanamke wa kupanda mihogo kama wenzake, na kusema kweli hata kupanda mihogo hakujua vizuri.

Jumbe Mwinyimadi alikuwa mtu mpole, lakini akishika neno haliachi. Alimkalia Bwana Miti tangu saa tatu mpaka jua la utosi, na mwisho wakapatana. Watu wa Vihingo watapanda miti mia tatu ya kwao, ile ile ya asili, juu ya kilima. Ukifika mwisho wa kiangazi cha pili tangu ipandwe, ikihesabiwa mia mbili iliyo hai, kilima kitabaki mikononi mwa kijiji, na shimo lake. Ikipungua hata mmoja, mipaka itawekwa.

"Mia mbili," alirudia Mwanamvua akiinuka na kupangusa kanga yake. "Tutampa mia tatu zake zote."

Bwana Miti aliwaachia msaidizi wake, Wilbrod, kijana wa Kiluguru aliyelelewa misheni, mwembamba, mwenye adabu, aliyeipenda miti hata akazungumza nayo akidhani yuko peke yake. Wilbrod alikwenda mpaka misitu ya Zegereni, upande wa Kibaha, akarudi na gunia la mbegu za mkongo, nyeusi zenye kofia nyekundu. Akatengeneza kitalu kando ya kisima. Kisha akakwama.

"Mkongo haukubali kung'olewa, mama," alimweleza Mwanamvua siku moja alipopita na ndoo. "Unatuma mzizi mkuu chini kabla jani la kwanza halijafunguka. Ukiung'oa kitaluni umeukata roho. Lazima mche ukulie ndani ya chombo, uhamishwe na udongo wake. Madebe ninayo kumi na moja. Nimejaribu maganda ya mgomba, mchwa wameyala hata mwezi haujaisha."

"Sasa wewe unatafuta chombo," alisema Mwanamvua, "na mimi umeniona nikipita hapa kila siku?"

Kwa miezi miwili alifinyanga vijungu mia tatu, kila kimoja kirefu kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, na tundu chini la kutolea maji. Wilbrod alimwambia visipendeze sana, ni vya kazi tu. Ilikuwa sawa na kumwambia samaki asiogelee. Alivikanda, alivisugua kwa kokoto ya mtoni, alivichoma kwa makumbi na magome hadi vikawa vyekundu ndani na nje. Vilipopangwa kitaluni, watu walitoka Masaki kuja kuvitazama. Mbegu zikapandwa, zikaota, na kufikia masika miche ilikuwa imefika gotini.

Siku ya kupanda ilipokaribia, Wilbrod alishikwa na homa. Akiwa amelazwa kwenye lori la kumpeleka hospitali, anatetemeka ndani ya blanketi, alimshika Mwanamvua mkono.

"Mama, kila kijungu mkivunje kwanza. Mkipige kwenye jiwe, mtoe vigae, ndipo mfukie. Usisahau."

"Nenda ukapone, mwanangu. Sisahau."

Wala hakusahau. Asubuhi ya kupanda, mvua ikinyunya, wanawake arobaini walikuwa kilimani na majembe yao, mashimo yamechimbwa. Mwanamvua alichukua kijungu cha kwanza, akasimama mbele ya jiwe, akainua mkono. Mkono haukushuka. Alijaribu tena. Kijungu kilikuwa chepesi, kimelingana kila upande, kimelowa mvua kinang'aa. Miaka thelathini alikuwa amefinyanga ili chungu kisivunjike, na leo avunje mia tatu kabla ya chakula cha mchana? Alikuwa, wallahi, kama mtu aliyeambiwa achinje paka wake.

"Tundu lipo chini," alisema hatimaye kwa sauti ya kujiamini. "Mzizi una akili zake, utapita. Tupande nacho, tena kitawazuia mchwa."

Nani atabishana na Mwanamvua habari za vyungu? Swaumu peke yake ndiye aliyeinua uso kutoka shimoni.

"Lakini mtoto wa watu kasema tuvunje."

"Wifi, vyako huvunjika vyenyewe. Hivi niachie."

Kilima kizima kilicheka, na miche mia tatu ikaingia ardhini ndani ya vijungu vyake.

Wilbrod alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, akakimbilia kilimani kabla hajala. Aliona miche imesimama wima, majani yanameta. Furaha ilimjaa mpaka akavua kofia.

"Mlivunja vizuri, mama?"

"Kazi imekwisha, mwanangu. Wewe pumzika."

Hakusema uongo, alijiambia. Akajiambia hilo mara nyingi wiki hiyo.

Masika ilipokwisha, mambo yakageuka. Mwezi wa saba majani ya chini yalianza kuwa ya njano. Mwezi wa nane miche ilikuwa haijaongezeka hata unene wa ukucha, na kumi na tisa ilikuwa imekauka kabisa. Wanawake walipandisha maji kwa ndoo jioni na asubuhi, maji yakanywewa, mche ukabaki umenuna. Wilbrod alikagua mchwa, hakuwaona. Alitandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, akaacha nafasi ya kiganja ili shina lisioze, bado hali ikawa ile ile. Akawa anashinda kilimani akienda huku na huku, amejishika kichwa.

"Kosa ni langu," alimwambia Jumbe, na Mwanamvua alikuwa karibu akasikia. "Nilichukua mbegu za Zegereni nikazileta udongo mwingine. Nitamwandikia Bwana Miti nimweleze kwamba nimekosea mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake asubuhi alipanda kilimani na jembe, akachagua mche mmoja wa pembeni uliosinyaa, akauchimbua na kijungu chake. Alikaa chini akakipakata. Ilimbidi akigonge kwa nyuma ya jembe mara tano ndipo kipasuke.

Ndani hakukuwa na udongo wa kutajika. Kulikuwa na mizizi tupu, imejizungusha mara nne mara tano, imekazana kama kata ya kubebea mtungi. Mzizi mkuu ulikuwa umefika kwenye tundu, ukajaribu kupita, tundu likaubana shingo. Hapo ukageuka, ukarudi juu, ukaanza kujinyonga wenyewe. Pembeni kulikuwa na udongo mwema uliolowa masika yote, na mche haukuwahi kuugusa.

Mwanamvua alilia. Halafu alikasirika. Halafu akaanza kupiga hesabu nyingine, na hii msimhukumu haraka, maana nani kati yetu asingeipiga. Akinyamaza, miti itakufa na watu watalaumu mbegu. Wilbrod ataandika barua yake. Jina la Mwanamvua litabaki kama lilivyokuwa, chungu chake hakijavunjika popote. Lakini shimo litafungwa, naye atakuwa mfinyanzi hodari asiye na udongo. Na yule kijana atakwenda na aibu isiyo yake.

Aliinuka. Akajitwisha mche ule kichwani na mizizi yake na vigae vyake, akapita nao katikati ya kijiji saa nne ya asubuhi, watu wote wanaona, hadi kitaluni walipokuwa Wilbrod, Jumbe na wanawake wa zamu ya maji. Akautua mbele yao.

"Sikuvunja," alisema. "Mwanangu aliniambia nivunje, nikaona uchungu wa vijungu vyangu. Mbegu hazina kosa, na Wilbrod hana kosa. Ni mimi."

Wilbrod alipiga magoti akaipapasa ile mizizi, akaokota kigae kimoja, akakikunja kwa nguvu zake zote, kisivunjike.

"Mama," alisema kwa masikitiko, "hiki chungu ni kizuri mno."

Hakuna aliyewahi kumlaumu Mwanamvua kwa kosa kama hilo. Jumbe alikohoa ili asicheke, akashindwa, na kicheko kikawashika wote, hata Mwanamvua mwenyewe huku machozi yakimtoka.

Wilbrod alisema bado kuna njia. Wangoje mvua za vuli, wachimbue kuzunguka kila mche bila kuung'oa, wavunje kijungu pale pale ardhini, naye atapita na kisu akate mizizi iliyojizungusha. Mche utanuna mwezi mzima, kisha utatoa mizizi mipya iliyonyooka.

Vuli ya mwaka ule ilikuja kwa vishindo, na siku ya kuvunja wanawake walipanda Ngobwe na michi yao ya kutwangia. Walichimbua mche wa kwanza, kijungu kikabaki wazi, chekundu, kisafi kama siku kilipochomwa. Kila mtu akamwangalia mwenzake. Kuvunja chungu cha mtu mbele ya macho yake ni matusi, na cha Mwanamvua hasa, nani aanze?

"Nipeni," alisema Mwanamvua.

Alipiga. Kijungu kikalia ngaa! Hakikupasuka. Akapiga tena, ngaa!

"Mwenzangu," alisema Swaumu, "hiki ulikichoma kwa moto wa wapi? Wa ahera?"

Watu walianguka matopeni kwa kucheka. Pigo la tatu likakipasua, na Mwanamvua alilisikia mpaka kwenye meno. Cha pili kilimuuma. Cha tano kilimuuma kidogo. Kufika cha ishirini alikuwa amejifunga kanga kibwebwe, anapiga kwa mdundo, na nyuma yake wanawake wanaitikia kwa michi yao, kilima kizima kinalia ngaa, ngaa, kwa vigelegele na mvua. Alishangaa kujikuta anafurahi. Hakuwahi kuvunja kitu maishani mwake, kumbe mikono nayo hupenda kupumzika na uangalifu. Wilbrod alipita kwa kila mche, akakata, akanyoosha, akarudisha udongo, akachonga kibonde cha kukinga maji upande wa juu.

Miche sabini na minne ilikutwa imekufa. Iliyobaki ilikuwa mia mbili na ishirini na sita, na Wilbrod alisema wazi kwamba hiyo haitapona yote. Lazima mapengo yajazwe masika ijayo. Mbegu zilikuwepo nusu gunia.

"Ila safari hii," alisema, akichagua maneno kwa heshima, "nataka kijungu kitakachovumilia kumwagiwa maji miezi minne, halafu kikiingia ardhini kife. Mkono wa mtu ukikiminya, kimeguke. Mzizi ukikisukuma, kipishe."

"Hilo dogo," alisema Mwanamvua.

Halikuwa dogo. Alifinyanga siku ya kwanza, mikono ikakanda vizuri bila kumwuliza. Siku ya pili alijilazimisha asichambue udongo, akastukia amekwisha kuuchambua. Alipoacha kuchoma kabisa, kijungu kiliyeyuka kwa ndoo ya kwanza ya maji, na alipochoma kidogo kikatoka kigumu vilevile, maana kidogo cha Mwanamvua kilikuwa kingi cha watu wengine. Siku ya nne aliketi mbele ya vijungu kumi na vinane vizuri, akatamani kuvirusha kisimani.

Alasiri hiyo alikwenda kwa Swaumu.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi," Swaumu aliitikia kutoka uani. "Uji umeiva?"

Mwanamvua aliliona pigo hilo, akalipokea. "Haujaiva," alisema. "Nimekuja unifundishe."

Swaumu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Uso ukambadilika. Akaweka chini ungo aliokuwa ameushika.

"Usije kunicheka nyumbani kwangu, wifi. Kule kilimani nicheke, kwenye baraza nicheke, mimi navumilia. Hapa ni kwangu."

Mwanamvua hakuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa Swaumu. Miaka yote ya uji ikampitia kichwani, na aibu ikampanda kuliko ile ya kitaluni.

"Sikucheki," alisema. "Nimekuwa nikikucheka, na nilikosa. Leo vyangu haviwezi kuvunjika, vyako vinaweza. Vinavyotakiwa ni vyako. Nionyeshe unavyofanya."

"Mimi sifanyi kitu! Mimi naharibu tu!"

"Basi nionyeshe unavyoharibu."

Swaumu akasogeza kigoda kimoja, akajichukulia kingine, akajiweka sawa kama mwalimu wa chuo.

"Kwanza, acha kuutazama udongo," alisema. "Ukiutazama utautengeneza."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza. Nyasi zilizomo ziachwe, na pumba za mpunga ziongezwe, na mavi makavu ya mbuzi. Kukanda kuwe kwa mkono mmoja, wa pili una kazi ya kufukuza kuku. Kokoto ya kusugulia Swaumu aliipokonya akaikalia. Lakini siri kubwa ilikuwa kwenye moto. Swaumu alichoma kwa makuti machache, na kipimo chake cha muda kilikuwa soga. Alianza kusimulia habari za harusi moja ya Mlandizi, bwana harusi alivyokimbiwa na punda aliyebeba mahari. Mwanamvua alitaka kuongeza kuni.

"Keti chini! Punda hajafika mtoni."

Punda alipofika mtoni, Swaumu alivuta vijungu nje ya moto. Vilikuwa na rangi ya kahawia isiyoeleweka, vimepinda kidogo. Maji yalipotiwa vilivumilia. Wilbrod aliitwa, akakiminya kimoja kwa kiganja, kikameguka pumba zikaonekana. Kijana wa misheni alipiga ishara ya msalaba kwa furaha.

"Hivi!" alisema. "Hivi hasa!"

Walitengeneza mia moja. Sabini vilikuwa vya Swaumu. Vya Mwanamvua vilikuwa thelathini, na hata hivyo saba kati ya hivyo Wilbrod alivikataa kwa uzuri. Siku hizo Mwanamvua alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na Mwishehe mumewe akauliza kulikoni, maana mke anatoka kwa dada yake kila jioni ananuka mavi ya mbuzi na anaimba. Vya Swaumu vilipandwa mbegu kwanza, na masika ya mwaka wa hamsini na mbili mapengo yakajazwa, vyake vikichukua safu nzima za chini za kilima. Kila kijungu kilipewa ufa kwa kuminywa, kikafukiwa, udongo ukamaliza kazi.

Kiangazi cha pili kilikuwa kikali. Mwezi wa saba Wilbrod alifanya jambo lililowatisha wote, alikataza ndoo.

"Tukiwanywesha kila siku mizizi itakaa juu ikingoja ndoo," alisema. "Waacheni waufuate unyevu chini. Hatutakuwa hapa na ndoo miaka mia."

Mwanamvua hakulala vizuri mwezi ule. Kila asubuhi alipita kilimani kugusa majani, akijua kwamba chini ya majani hayo kuna shimo lake, na mikono yake, na uzee wake. Baadhi yalianguka. Mengi yaling'ang'ania. Mwezi wa tisa, bila tone la mvua, mikongo ilitoa majani mapya mekundu. Alipoyaona alipiga kigelegele peke yake kilimani, kikasikika hadi kisimani, na kule wakakiitikia.

Bwana Miti alifika mwisho wa mwezi wa kumi. Kijiji chote kilimfuata safu kwa safu, Jumbe Mwinyimadi akihesabu kwa sauti. Mia na tisini. Mia na tisini na tano. Ilipotimia mia mbili kelele zilikuwa kubwa, na Bwana Miti akangoja zitulie ili aendelee. Hesabu ilisimama mia mbili na thelathini na moja.

Hata hivyo hakufunga daftari lake.

"Mche waweza kuishi mwaka kwa kunyweshwa, halafu ufe," alisema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni. "Naomba kutazama mizizi." Akaonyesha mmoja wa safu za chini.

Wanawake waliguna kwa uchungu, lakini Wilbrod alikwisha kupiga magoti. Alichimba pembeni taratibu kwa mikono. Mzizi mkuu ulionekana, umenyooka, unakwenda chini. Alichimba hadi kiwiko, mzizi bado unakwenda. Alilala kifudifudi akachimba hadi begani, akasema hauoni mwisho wake. Mizizi ya pembeni ilikuwa imetawanyika kila upande, huru.

"Na kijungu kiko wapi?" aliuliza Bwana Miti.

"Hakipo, bwana," alijibu Mwanamvua. "Kimekuwa udongo."

Bwana Miti aliinama, akachota udongo ule, akauchambua kiganjani. Punje chache za kahawia, pumba mbili tatu. Akasimama, akamgeukia Jumbe.

"Kilima ni chenu," alisema. "Na shimo pia."

Siwezi kusimulia kelele za pale. Jumbe, mtu mzima na kanzu yake, alionekana akiruka. Mwanamvua alisimama mahali pamoja, ameshika kifua, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, mpaka sauti ikamkauka. Ilipopatikana nafasi ya kusikilizana, Bwana Miti alikuwa amefungua daftari lake tena, kalamu mkononi.

"Nataka vijungu kama hivi kwa vitalu vyangu vyote, hata vya Kibaha," alisema. "Nani fundi wake? Niandike jina."

Macho yote yalimgeukia Mwanamvua, kama yalivyozoea kufanya likitajwa neno chungu. Jumbe alikwisha kufungua mdomo amtaje. Kalamu ilikuwa inangoja.

Mwanamvua aligeuka akamtafuta mtu katikati ya watu. Alikuwa nyuma kabisa, anapiga soga. Akamwendea, akamshika mkono, akamleta mbele.

"Huyu," alisema. "Swaumu binti Kondo, wa Vihingo. Mche huu umekulia kwenye kijungu chake. Mimi nilijifunza kwake."

Bwana Miti aliandika, akauliza herufi, Wilbrod akamsaidia. Swaumu alisimama akilitazama jina lake linavyoandikwa, mkono wake bado umo ndani ya mkono wa wifi yake.